Sholay au Enter the Dragon: picha ipi ya kuweka leo?

Ngamiani, Tanga, ubishi huu hauishi. Kwa urefu wa picha, Bruce Lee anashinda: Enter the Dragon yake ya 1973 haifiki saa mbili, na ngumi hazihitaji mkalimani. Sholay, picha ya Kihindi ya 1975, inapita saa tatu. Umeme ukikatika katikati, imekula kwako.

Ila kwa hadithi, mimi naona Sholay iko mbali. Gabbar, mkuu wa majambazi, anazungusha bastola, anawafyatulia watu wake watatu, haitoki risasi hata moja. Anacheka, nao wanacheka, genge zima linacheka. Kisha anawaua. Kicheko kile ndicho kinachotisha. Na nyimbo je? Shangazi anaziimba zote, Kihindi hajui.

Nyumba ikijaa wageni, weka Sholay. Mko vijana watupu na kesho kazini? Bruce Lee anatosha, pigano la kwenye chumba cha vioo peke yake linalipa.