RAM ipi ununue Mwanza ikiwa unataka kuiongezea kasi kwa usalama

Mtu anayeingia dukani katikati ya jiji la Mwanza kutafuta RAM ya kompyuta ya mezani kwa kawaida huulizwa jambo moja tu, nalo ni GB ngapi. Kwa anayekusudia kuiendesha kwa kasi inayozidi kiwango chake cha kawaida, kazi ambayo mafundi huiita kuovakloki, swali hilo halitoshi. Nimezipanga hapa kwa kigezo kimoja: ni ipi itakayofanya kazi saa nane mchana, chumba kikiwa na joto, bila kukosea data.

Kabla ya kulipa, tazama ubao mama. Bao za prosesa za Intel zenye chipseti (chipu zinazoamua ubao unaruhusu nini) za H410, B460 na H510 haziruhusu RAM kupandishwa kasi. Katika daraja la B, ruhusa hiyo ilikuja na B560 mwaka 2021. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, ambazo wengi wetu huanzia nazo, hazina kabisa sehemu ya XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye pakiti) katika BIOS, programu ya mipangilio ya ubao, hivyo RAM ya bei kubwa itatembea humo kwa kasi ileile ya RAM ya bei nafuu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM ya aina hii) ya kasi ya 3200 yenye CL16, vipande viwili vilivyofungwa pamoja kiwandani. CL ni idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data: izidishe kwa 2000, gawanya kwa kasi, nawe utapata muda kwa nanosekunde. Jozi hii hutoa 10, ilhali RAM nyingine iliyoandikwa 3200 vilevile, lakini CL22, hutoa 13.75. RAM ya 3600 yenye CL18 nayo hutoa 10, kwa hiyo sioni sababu ya kuilipia zaidi isipokuwa una prosesa ya AMD Ryzen 5000, inayoifaidi kasi hiyo. XMP ikiwashwa, jozi hizi kwa kawaida hutumia volti 1.35 badala ya 1.2, mimi sivuki 1.4.

Ya pili ni DDR5, kizazi kinachofuata, ya 6000 yenye CL30, kwa aliyekwisha kununua Ryzen 7000. Huyo asasishe BIOS kwanza, kwa kuwa mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa kuungua, AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya prosesa iitwayo SoC, inayoisimamia RAM.

Ya tatu ni 3200 ya kawaida yenye CL22. Inunue ukihitaji utulivu, na uiache ilivyo.

Ya mwisho ni vipande vilivyotumika, kimoja kimoja, vya chapa tofauti. Niliwahi kuvichanganya viwili nikavipandisha hadi 3200. Nilivipima usiku, upepo wa ziwani ukiingia dirishani, vikapita. Wiki iliyofuata, mchana, mafaili ya kazi ya mteja yalianza kufunguka yakiwa yameharibika, na nakala nilizokuwa nimezihifadhi zilikuwa na makosa yaleyale. Iliniuma sana, kwa sababu kompyuta haikuzima wala kutoa onyo lolote.

Kwa hiyo, uliyoinunua ichomeke katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa ikiwa ubao una nafasi nne, washa XMP au EXPO (mpangilio kama huo wa AMD), kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne yote wakati wa joto la mchana, ikiwezekana kompyuta ikiwa kwenye UPS ili umeme ukikatika usilazimike kuanza upya. Kosa moja tu likitokea, shusha kasi hatua moja, kwa mfano kutoka 3200 hadi 2933, upime tena. Kompyuta ikikataa kuwaka, futa mipangilio ya BIOS kwa kugusanisha pini za CMOS umeme ukiwa umechomolewa. Muulize pia muuzaji, kabla ya kutoa fedha, kama atakubali kuibadilisha jozi itakayoshindwa kufikia kasi iliyoandikwa kwenye pakiti, na umwombe aliandike sharti hilo kwenye risiti.