Maandalizi ya serikali au bi jirani?

Baba unayelea peke yako Unguja, mwana umwache wapi? Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliyaingiza maandalizi, yaani masomo ya kabla ya darasa la kwanza, katika elimu ya lazima, na skuli ya serikali haitozi ada. Utanunua sare na buku la kuandikia. Tabu ni saa: adhuhuri mtoto keshatoka, nawe bado uko sokoni Darajani unashusha ndizi. Na wa miaka miwili hapokewi.

Bi jirani humpokea hata mchanga, tena alfajiri, kwa kibaba cha mchele na chochote ulichojaaliwa. Ila akialikwa harusi shamba, siku yako imekwenda. (Wangu alirudi ananukia udi, mimi sina kibarua.)

Mwana ana miaka minne na kazi yako ni ya asubuhi? Maandalizi yatosha. Mvuvi wa usiku, anza kwa jirani.