Vikorokoro vya kompyuta: nnavyovipa pesa yangu na nnavyoviacha dukani

Mie kazi yangu ni kusikiza rekodi za mikutano na mahojiano na kuziweka kwa maandishi, naifanyia nyumbani Tudor, hapa Mombasa, kwa hivyo kutwa vidole viko kwa kibodi na masikio yako ndani ya hedfoni. Naulizwa sana na watu wanaoanza hizi kazi za onlaini wanunue nini, na wengi wao washaona kibodi ya mataa mataa huko Moi Avenue washaipenda. Jamani, mataa baadaye. Anza na stima.

Laptopu ina betri yake, stima ikipotea haijali, lakini ruta inazima papo hapo na kazi iko kwa mtandao, sasa umekaa na laptopu imejaa chaji na huna la kufanya. Kitu kilichonifaa kuliko vyote nilivyonunua ni UPS ndogo ya ruta, kidude kama pawabenki hivi kinakaa kati ya adapta na ruta, stima ikienda ruta hata haishtuki. Ila pindua ruta usome ni ya volti ngapi, ziko za 9V na ziko za 12V, ukitia 12 kwenye ruta ya 9 waweza kuichoma uje ulaumu duka bure. Mwenye desktopu itabidi achukue UPS ile kubwa, na hapo watu huuziwa namba: 650VA sio wati 650, geuza nyuma usome wati zenyewe, mara nyingi ni kama 360 hivi. Tena ndani mna betri ya risasi na asidi, na adui yake ni joto, mafundi wanahesabu kuwa kila nyuzi 10 ukipita 25 umri wake wakatika nusu. Sasa we fikiria mwezi wa pili hapa kwetu, chumba hakina AC na dirisha limeelekea jua. Ndo maana mie siulizi UPS ina taa ngapi, nauliza betri yake yafunguka ikabadilishwa, na je hizo betri zapatikana hapa hapa mjini. Na hata kama una laptopu tu, usichomeke chaja moja kwa moja ukutani, weka tivi gadi, ile ile ya kulindia tivi, manake kinachoua vitu sana sio stima kwenda, ni vile inavyorudi na fujo zake.

Mausi sasa. Zile za mia tatu za mezani pale Digo Road zafanya kazi, sitasema uongo, lakini baada ya muda ukibonyeza mara moja yahesabu mara mbili, wataka kuchagua faili yenyewe yafunguka, kile kibati cha swichi ndani kishachoka. Mie natumia Logitech M185 isiyo na waya, betri moja tu ya AA na hata sikumbuki niliibadilisha lini. Nilichukua kwa duka linalotoa risiti, kwa sababu feki zake zimejaa. Kuna jambo wauzaji hawakwambii: mausi hizi zatumia mawimbi ya 2.4GHz, na USB 3.0, lile tundu ambalo kwa kawaida ni la buluu, hutoa kelele kwenye mawimbi hayo hayo, Intel wenyewe waliliandika hili 2012. Ukichomeka diski ya nje karibu na kile kidude cha mausi kinachoingia kwa USB, kishale chaanza kurukaruka utadhani mausi imekufa. Hamishia upande wa pili wa laptopu, yamekwisha.

Hedfoni ndo nshahangaika nazo. Dukani zile zenye ngozi laini zavutia, ukivaa ni kama mto. Ifikishe nyumbani sasa, jasho la mchana na huu unyevu wetu, na ile si ngozi ni plastiki tu, ikifika wakati yaanza kubambuka vijipande vyeusi vinakushika mashavuni na kwenye leso, mpaka mamangu akaniuliza haya masizi umeyatoa wapi. Siku hizi nachukua za kitambaa, tena zile ambazo mito yake yavuliwa ikafuliwa. Muuzaji mmoja akanambia, "Dadangu chukua hizi, zina besi utaskia mpaka moyo watetema." Nkamwambia kaka, mie naskiza wazee wa kamati wakizungumza wote kwa pamoja, besi ya nini, nataka niskie nani kasema hapana.

Kwa mwenye kazi kama yangu kuna pia pedali ya mguu, wakanyaga rekodi yaenda, wanyanyua yasimama, na programu kama Express Scribe yaitambua. Hii lazima uagize, sijaiona ikiwekwa madukani kwetu, lakini vidole havitoki tena kwa kibodi na kazi yaenda mbio. Kama huandiki rekodi usiiguse.

Kibodi yenyewe, haya, turudi kwa mataa. Tangu hati miliki ya swichi za kampuni ya Cherry, zile zinazokaa chini ya kila kitufe, iishe, kama 2014 hivi, Wachina wametengeneza zao na bei ikashuka, ndo maana sasa hata mie nna Redragon K552 mezani. Yavuliwa vitufe nikatoa makombo ya mahamri, na ule mbonyezo wake mkono hauchoki. Lakini swichi za buluu zapiga kelele, kama mwalala chumba kimoja na mtu chukua nyekundu. Na uliza vitufe ni vya plastiki gani, PBT au ABS, ABS kwa jasho letu vitang'ara kama vimepakwa mafuta.

Flashi ya 2TB kwa elfu moja haipo duniani. Wanaichezea ile chipu idanganye kompyuta, ndani ni kama 32GB, wajaza picha za harusi zaingia vizuri, ukija kuzifungua nyingi ni hewa tupu. Shusha H2testw, ni ya bure, yaijaza flashi yote halafu yasoma tena ilichoandika, na uifanye siku hiyo hiyo uliyonunua kabla muuzaji hajakusahau sura. Kebo ya HDMI nayo, ile ya kupeleka picha kwa monita, usilipe zaidi ati kwa sababu ina dhahabu, kwa meza ya kawaida ya mita mbili picha ni ile ile.

Monita mie mtumba tu, zile zilizotoka maofisi ya Uingereza, plagi yao ni sawa na yetu na umeme ni ule ule. Hakikisha ina tundu la HDMI au DisplayPort, sio lile la zamani la VGA peke yake. Kabla hujalipa mwambie aifungulie picha nyeupe tupu halafu nyeusi tupu utazame vidoadoa, kisha simama kando uone kama rangi zinageuka. Akikataa kuiwasha, duka jengine liko mlango wa pili.