Mashine ya kukatakata samadi kabla ya mtambo wa biogesi: uzoefu wangu Rungwe

Nafuga ng'ombe wa maziwa bandani, si mbali na Tukuyu, na nyumbani tunapikia biogesi ya mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi. Mashine yenyewe nilitengenezewa na karakana moja jijini Mbeya: pipa la chuma, mhimili wenye visu, mota ya umeme ya hosipawa 2. Unatia samadi na maji, inakata na kukoroga kwa pamoja, kisha uji unashuka mtamboni.

Kilichonifanya niinunue ni utando. Ng'ombe wetu wanakula majani ya tembo na migomba, na mashina wanayoyabakiza yanakanyagwa hadi yanachanganyika na samadi. Yakiingia mtamboni yakiwa marefu huelea, hushikana na kuwa tabaka gumu ambalo gesi hupenya kwa shida. Tena bakteria wanaotengeneza gesi huanza kula jani pale wanapoligusa, kwa hiyo likikatwa vipande vidogo wanapata pa kushika pengi na kazi inakwenda haraka.

Tofauti nimeiona jikoni. Zamani maharage tuliyaanza kwa gesi na kuyamalizia kwa kuni. Sasa yanaiva kwa gesi, na chai ya jioni inapatikana. Tope linalotoka nalo limelainika, linatiririka kwenye mfereji mpaka migombani bila mtu kuchokonoa.

Lakini mashine haiwezi kushinda baridi. Bakteria hawa hupenda joto la karibu nyuzi 35, na huku kwetu Juni na Julai mwali unapungua hata ukikata samadi namna gani. Maji tunayaanika juani kwanza, jua likipatikana.

Malalamiko yangu makubwa ni nyuzi za mgomba. Zinajiviringisha kwenye mhimili mpaka mota inanguruma bila kuzunguka, na hapo lazima uchomoe umeme kabisa ndipo uingize mkono kuzikata. Karakana iliniletea mashine haina waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na swichi iko pale pale maji yanaporukia. Hilo halikubaliki kwa kitu kinachoshikwa na mikono iliyolowa! Nilimlipa fundi umeme aweke ethi na kuihamishia swichi ukutani. Ukiagiza yako, dai hayo kabla ya kulipa, na visu vifungwe kwa bolti, visichomelewe, ili uweze kuvitoa na kuvinoa; mchanga na mawe ya bandani huvila.

Kama samadi yako haina majani, usinunue. Ng'ombe ameshayatafuna malisho; ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji na mti wa kukorogea vinatosha. Na kama fedha inatosha mashine moja tu, anza na ya kukatia malisho. Majani yakikatwa mafupi ng'ombe anabakiza machache, na samadi inafika mtamboni ikiwa safi.