Apu ya meditesheni kwa anayeanza: maliza za bure kwanza ndo ufikirie kulipa

Wadau, hili swali linakuja kila mara. Mtu kaambiwa na daktari au shosti wake kwamba ajaribu meditesheni, usingizi umekata, mawazo hayatulii, anaingia Play Store anakuta apu kibao, zote zina picha ya ziwa na mwezi, zote nyota nne na ushee, na nyingi ukishazifungua tu zinataka kadi ya benki. Sa unachagua ipi?

Mi msimamo wangu ni huu, anayeanza asitoe hata shilingi. Kinachowashinda watu sio ubora wa apu, ni kule kukaa chini dakika tano kila siku bila kugusa WhatsApp, na hilo hakuna malipo yatakayokufanyia. Kwahiyo nimezipanga kwa vitu vitatu tu: inamfundisha mtu asiyejua kitu kabisa, haimalizi bando, na haikusumbui na mambo ya kadi. Halafu mjue mapema, kozi za mwanzo za hizi zote ni Kingereza, cha taratibu lakini ni Kingereza.

Namba 1: Medito

Hii ni ya taasisi isiyotafuta faida, Medito Foundation ya Uholanzi, na ni bure kwelikweli, sio ile bure ya siku saba. Hakuna matangazo wala somo lililofungiwa kufuli hadi ulipie. Hata msimbo (code) wa programu yenyewe uko wazi, fundi yeyote akitaka anauchungulia. Kuna kozi ya mwanzo inayoenda hatua kwa hatua, vipindi vingi unajichagulia urefu, na unaweza kushusha kipindi ukiwa kwenye Wi-Fi ukaja kusikiliza nyumbani ukiwa huna bando. Na kwa bando usiogope sana, sauti ya dakika 10 kwa kawaida ni kama MB 5 mpaka 10, kinachokula ni video.

Ukishabonyeza kipindi cha kwanza usitegemee miujiza. Unakaa kwenye kiti cha kawaida tu, hata cha plastiki, mgongo wima, miguu chini, unaambiwa usikilizie pumzi inavyopita puani. Baada ya pumzi kama tatu hivi akili ishaenda kwenye kodi ya nyumba, au kwa yule aliyesoma meseji yako asijibu, af unashtuka, unairudisha kwenye pumzi, inaondoka tena, unairudisha tena. Wengi hapa ndo wanapokata tamaa wanasema "mi siwezi hiki kitu", wakati kule kurudi ndo zoezi lenyewe, akili isingeondoka usingekuwa na cha kufanya.

Namba 2: Healthy Minds Program

Nayo bure. Nyuma yake yupo Richard Davidson, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani. Ninachokipenda ni kwamba mazoezi mengi unachagua, ufanye umekaa au ufanye huku unatembea au unaosha vyombo, kwa hiyo mama mwenye watoto wadogo ambaye hana hata kona ya kukaa peke yake hii inamfaa kuliko zote. Kasoro yake ni maneno mengi, kuna vipindi vya maelezo ya sayansi kabla hujafika kwenye zoezi, kama hupendi mihadhara itakuchosha. Kama unapenda kujua kwanini kitu kinafanya kazi, ipandishe iwe namba moja yako.

Namba 3: Insight Timer

Hapa kuna utajiri, na tatizo ndo hilohilo utajiri. Maktaba ya bure ina maelfu kwa maelfu ya vipindi vya walimu wa kila aina, wazuri na wa ovyo ovyo, mgeni anaingia anatafuta cha kusikiliza nusu saa nzima mwisho analala bila kufanya kitu. Ila ile saa yake ni tamu, unaweka dakika unazotaka, unachagua mlio wa kengele wa kuanza na wa kumaliza, basi, kimya. Kusikiliza bila intaneti ni mpaka ulipie. Mi ningesema njoo huku ukishamaliza kozi ya Medito, ukiwa unajua unachotafuta.

Namba 4: Headspace

Kwa ufundishaji pekee ingekuwa juu kabisa. Andy Puddicombe aliyeianzisha na mwenzake Richard Pierson, Uingereza, 2010, alikuwa mtawa wa Kibudha kabla ya hapo, na anajua kuongea na mtu asiyejua kitu, anakuhesabisha pumzi moja mpaka kumi unarudi moja, vikatuni vinakuelewesha mengine. Lakini bei, ya Marekani imekuwa kama dola 70 kwa mwaka, kwa hela ya Bongo hiyo inapita laki na nusu. Kwa kitu ambacho hujui kama utakifanya wiki ijayo? Hapana bana.

Namba 5: Calm

Ya kulipia pia. Hii ukweli ni apu ya usingizi, ina hadithi za kusomewa ulale, mvua, mawimbi. Kama shida yako ni usingizi tu sawa, ila kujifunza meditesheni kwa mpangilio, hizo za juu zinaipita.

Waking Up ya Sam Harris siiweki kwenye mstari, ni nzito kwa anayeanza, ila mjue kwamba imekuwa na utaratibu wa kumsaidia asiyeweza kulipa akiomba.

Najua kuna watakaouliza mambo ya dini. Medito na Healthy Minds wanafundisha pumzi na umakini, hakuna sala humo. Plum Village ndo ya Kibudha waziwazi, na Wakatoliki mna Hallow yenye rozari na tafakari za Biblia. Na kwa walimu na wazazi, Smiling Mind ya Australia ina vipindi vya watoto vilivyogawanywa kwa umri.

Kitu kingine, kuna watu wakifumba macho wasiwasi unazidi, hasa waliopitia mambo mazito. Ukiona hivyo fumbua, angalia sakafu, na kama haitulii acha ukaongee na mtaalamu, apu sio hospitali.

Ukiamua kujaribu za kulipia, malipo kwa Kenya kuna kadi ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, inakata moja kwa moja kwenye M-Pesa yako, kwahiyo acha humo hela ya kukatwa tu usijaze. Halafu siku hiyohiyo unayoanza majaribio ya bure ingia Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, nenda Malipo na usajili, kisha Usajili, ghairi. Kwa kawaida utaendelea kutumia mpaka siku za bure ziishe. Kufuta apu kwenye simu hakusitishi makato, apu haipo na hela inaendelea kwenda.