Plagi ndogo iliyonirudishia gia ya pili

Nimeendesha magari ya gia za mkono miaka mingi, na nilipopata hili la michezo la gia sita, kero yangu ilikuwa moja tu. Unaondoka kwenye taa taratibu, unakanyaga klachi, unavuta mkono wa gia uje ya pili, na hapo unahisi kitu kimeusukuma kulia. Ukiachia klachi, uko gia ya nne. Mwendo ni kilomita 27 kwa saa, injini inakoroma, dashibodi inatikisika, na aliye nyuma yako ameshaanza kupiga honi.

Mara ya kwanza nilidhani giaboksi imekufa. Fundi akaniambia hakuna kilichoharibika, gari limeundwa hivyo. Kitabu cha gari kinaeleza vizuri: injini ikishapata moto, kiasi cha nyuzi 76, mwendo ukiwa kati ya kilomita 24 na 31 kwa saa na mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, kompyuta inaruhusu umeme uende kwenye solenoidi, yaani sumaku ya umeme, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Solenoidi inasukuma pini, pini inaziba njia ya gia ya pili, na mkono hauna pa kwenda ila ya nne. Ndiyo maana asubuhi injini ikiwa baridi gari lilikuwa na adabu, kisha likageuka njiani.

Mfumo huu si mgeni. Ulikuwamo kwenye Corvette ya 1989, gari la michezo la Chevrolet, ile iliyokuja na giaboksi ya gia sita ya kampuni ya ZF. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya 1978 inayotoza kodi magari mapya yanayokula mafuta mno. Lisilofika maili 22.5 kwa galoni, yaani kama kilomita 9.6 kwa lita, linalipiwa kuanzia dola 1,000. Kwenye kipimo cha maabara, gari linaloruka toka ya kwanza hadi ya nne linaokoa mafuta ya kutosha kulivusha mstari huo. Sababu naielewa na naiheshimu. Lakini mimi siendeshi maabara. Unapoingia barabara kuu huku lori linakuja, unataka gia uliyoichagua wewe, si nyingine.

Kwa muda nilijizoeza kukanyaga mafuta zaidi kwenye ya kwanza, nipite kilomita 31 ndipo nibadili. Inafanya kazi, ila kwenye foleni ni adhabu, na hapo mafuta yanayookolewa siyaoni.

Hatimaye nikanunua plagi ya kuzuia mfumo huo. Ni kitu kidogo kama ncha ya kidole gumba, ndani yake kuna rezista, kifaa kinachozuia kiasi cha umeme. Unachomoa waya wa solenoidi na kuchomeka plagi mahali pake upande wa waya. Kompyuta inapima, inaona mzigo wa umeme kama kawaida, haiwashi taa ya injini. Kuchomoa waya tu na kuuacha unaning'inia kunaweza kuleta kosa kwenye kompyuta, kwa hiyo rezista ina kazi yake.

Kazi yenyewe ilinichukua kama saa moja, na sehemu kubwa ilikuwa kuinua gari. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi, na usubiri ekzosi ipoe, maana mkono unapita karibu nayo sana. Kuna waya mwingine unaofanana na huu, wa solenoidi ya rivasi. Mimi nilifuata waya kwa tochi hadi mwisho kabla ya kugusa chochote. Kifungio cha plagi kilikuwa kimeshikwa na tope kavu; nilikipulizia, nikakibonyeza kwa bisibisi bapa, kikaachia. Plagi mpya ilipoingia ilitoa mlio mdogo wa kubana. Nikaifunga kwa kamba ya plastiki isicheze.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo ni mbovu kweli: picha moja nyeusi isiyoonyesha kitu. Hapo muuzaji nampunguzia alama. Plagi yenyewe naipa zote. Gari likiwa bado na waranti, muulize aliyekuuzia kwanza, na ile solenoidi usiitoe; ukitaka kurudisha hali ya mwanzo, unachomeka waya tu.

Taa ya kuelekeza toka ya kwanza hadi ya nne bado inawaka kwenye dashibodi yangu. Anayetaka nayo izime ni mpaka programu ya kompyuta ibadilishwe, na mimi sikuona haja. Jana jioni, injini ikiwa imepata moto sawasawa, niliondoka kwenye makutano kwa mwendo uleule. Taa ikawaka. Nikavuta mkono wa gia chini, ukaja moja kwa moja, ukaingia ya pili.