Kubadilishiwa Sumaku ya Maikrowevu Nyuma ya Soko la Kilombero, Arusha

Maikrowevu ya mgahawa wetu wa Njiro ilipoanza kunguruma bila kupasha wali, mafundi wawili walishikilia kwamba dawa yake ni kununua magnetroni nzima, yaani kifaa kinachozalisha mawimbi ya kupasha chakula, kwa bei iliyokaribia nusu ya mashine mpya. Wa tatu, mwenye karakana ndogo nyuma ya Soko la Kilombero, aliondoa kwanza chaji ya kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, ambayo huweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa, kisha akanionyesha sumaku ya chini ya magnetroni, duara jeusi lenye tundu katikati, imepasuka vipande vitatu kama kigae.

Sumaku hizo huwa mbili, na kazi yao ni kuzipinda elektroni zizunguke badala ya kukimbilia ukuta wa magnetroni moja kwa moja. Moja ikidhoofika, umeme huishia kuwa joto ndani ya magnetroni yenyewe, chakula kikabaki baridi. Si kitu cha gharama. Zimetengenezwa kwa feraiti, kauri inayotokana na oksidi ya chuma, yaani kutu kwa lugha ya nyumbani, iliyochanganywa na kabonati ya strontiamu au ya bariamu, ikasagwa, ikashindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa kwa nyuzijoto zipatazo 1,200 za Selsiasi. Haina madini adimu hata chembe, na ndiyo sababu bei za mwanzo zilinikera.

Fundi alichagua mbadala kutoka kwenye debe la magnetroni zilizokufa, akapima kipenyo na unene, kisha akatia alama ya chaki kwenye nyuso ili asiigeuze, kwa kuwa sumaku mbili zikielekezana vibaya hufutana nguvu. Alinitoza shilingi 25,000. Tulijaribu kwa lita moja ya maji: kwa dakika moja yalipanda nyuzi 9, na mashine ya wati 700 hutarajiwa kuyapandisha nyuzi 10 hivi.

Sikuridhika na yote. Kazi ya saa moja ilichukua siku nne, risiti niliipata kwa kuidai, na mlango haukupimwa kama unavujisha mawimbi, jambo ambalo kwa mashine iliyofunguliwa si la kuachwa. Hata hivyo nitampelekea na maikrowevu yetu ya pili. Kipande kimoja cha sumaku iliyopasuka nilikichukua. Sasa kinashikilia oda za jikoni kwenye mlango wa friji.